Mwandani wa Kuagizwa

Mwaka jana mpwa wangu aishiye Melbourne, Australia, aliniletea waraka wa kurasa nne, akaniomba niutie katika Kiswahili. Katika miaka thelathini ya kazi hii, ambayo nilijifunza peke yangu kwa kamusi na taa ya chemli, nimefasiri mashairi, vijitabu vya kliniki, hati za viwanja, hata barua za posa. Mkataba wa kununua mbwa sikuwa nimepata kuuona.

Sababu ya kuhitajika Kiswahili ni dada yangu. Anaishi na bintiye, mkwewe, na mjukuu mmoja wa kike wa miaka tisa ambaye hana ndugu wala jirani wa rika lake. Mtoto alitaka mbwa. Mtoto huyo huyo akikaa chumba kimoja na mbwa, macho humvimba na kifua humpiga filimbi. Ndipo wazazi wakapata habari za familia moja, nje kidogo ya mji, izalishayo mbwa wadogo wa mchanganyiko, mama labrado na baba pudeli, ambao husemwa hawapukutishi manyoya na kwa hivyo hawaleti mzio. Wenyewe huwaita labradudu. (Dada yangu alipolisikia jina katika simu alicheka hadi akakohoa: “Yaani mdogo wangu, mtoto kaomba rafiki, wanamletea dudu?”) Hata hivyo hakukataa. Alisema tu kwamba nyumba anamosali hakitaingia kiumbe ambacho hati yake yeye mwenyewe hajaisoma.

Kazi ilinikwama katika mstari wa kwanza. Mkataba ulisema mbwa huyu hauzwi kwa ulinzi, wala kwa uwindaji, wala kwa mashindano, bali kwa kazi moja tu, nayo ni kuwa pamoja na mtu. Kiingereza kina neno moja la jambo hilo. Sisi tunayo mengi, na kila moja lina wivu wake. Mwenzi hudai usawa. Rafiki hudai hiari ya pande mbili. Sahibu ana harufu ya baraza na kahawa. Nikaandika mwandani, nikalifuta, nikalirudisha. Mwandani ni yule ajuaye siri zako, na sikio la Mswahili halilisikii neno hilo bila ya kusikia “ndani”. Na ndani ndiko hasa ambako mbwa wetu hajazoea kuwekwa.

Kwetu mbwa ana heshima yake, ila ni heshima ya nje. Wasasi wa Unguja na Pemba hutoka naye kuwawinda nguruwe waharibuo mashamba, na mwenye mbwa hodari hujulikana kijiji kizima. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, yanafundisha kuwa chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Walakini katika kisa cha Watu wa Pangoni, katika Sura ya Kahf, mbwa yumo, amenyoosha miguu yake kizingitini. Daima nimekipenda kizingiti kile. Wala kisa hakituelezi kwamba kuna aliyemwagiza awepo.

Mbwa wa mkataba huu ameagizwa kabla mimba yake haijatungwa. Labrado jike huwa na kilo ishirini na tano na zaidi, ilhali pudeli wa umbo dogo aghalabu hafiki kilo kumi. Kwa hiyo mara nyingi mimba hutiwa kwa mkono wa binadamu, na mama huwa yule mkubwa, kwani jike mdogo angepata taabu kubeba na kuzaa watoto wa dume kubwa. Baada ya siku 63 hivi huzaliwa watoto, nao huchaguliwa na kupandishwa tena kizazi baada ya kizazi, hadi apatikane mnyama wa kilo saba hadi kumi na tatu, wa kimo cha goti, mwenye manyoya ya mawimbi na macho ya kusihi. Je, kiumbe aliyefumwa hivi kwa kipimo cha haja yetu aweza kuitwa mwandani? Ama tumejitengenezea kioo chenye mkia?

Historia yake ni fupi, nayo ina la kumfunza mshairi. Mwaka 1989, katika jimbo hilo hilo la Victoria, Wally Conron alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika chama cha mbwa waongozao vipofu. Alikuwa na ombi la mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe hakuweza kustahimili manyoya ya mbwa. Conron akajaribu mapudeli 33, asipate hata mmoja afaaye kwa kazi ile. Mwishowe akamkutanisha pudeli dume na labrado jike, wakazaliwa watoto watatu. Manyoya yao na mate yao yakapelekwa Hawaii, na mmoja tu ndiye ambaye hakumdhuru yule mume. Huyo aliitwa Sultan (naam, msomaji wa Unguja, Sultan, na nduguze waliitwa Sheik na Simon), akafunzwa, akavuka bahari akaenda kumwongoza bibi yule.

Kabla ya hapo palitokea kioja. Mbwa waongozao hulelewa kwanza majumbani mwa watu, na watu walikuwa katika orodha wakingoja; lakini walipoambiwa kwamba hawa ni chotara, hapana aliyewataka. Conron akabuni jina, kipande cha labrado na kipande cha pudeli, akaomba litangazwe kwamba pamepatikana mbwa wa aina mpya. Simu zikaanza kulia, zisinyamaze. Mbwa walikuwa wale wale, mkia ule ule, mate yale yale. Kilichozaliwa kati ya Jumatatu na Jumanne kilikuwa ni neno.

Sisi wa visiwani tunalijua neno chotara kwa ngozi zetu. Limepata kuwa sifa na tusi kwa mtu yule yule, siku ile ile, kulingana na nani amelitamka na kwa nini. Kwa hiyo simlaumu Conron; jina lake liliwaokoa wanyama watatu na dharau isiyo na maana. Ila jina lile lilibeba ahadi, na ahadi ile mbwa hakuitoa. Tangu siku ya kwanza ilikuwa ahadi ya mmoja katika watatu. Kinacholeta mzio si unywele, bali ni protini zilizomo katika mate na magamba ya ngozi, na hizo kila mbwa anazo. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa manyoya ya mbwa wasifiwao kutoleta mzio, labradudu akiwa miongoni mwao, hayakuwa na protini hiyo kidogo kuliko ya wengine, bali hata yalizidi. Na hewa ya nyumba zao haikuwa na tofauti. Mwaka 2019, Conron mwenyewe, akiwa mzee, alieleza hadharani majuto yake kwa kile alichokifungulia mlango.

Na afya je? Wauzaji wengi husema damu ikichanganyika maradhi hukimbia. Maneno hayo ni matamu kwa sisi tuliochanganyika, lakini hayatoshi. Ugonjwa wa nyonga unawapata labrado na pudeli pia, na mna maradhi ya kurithi yaondoayo nuru ya macho polepole ambayo mbegu yake imo katika koo zote mbili. Jike na dume wakiibeba kwa siri, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kupofuka, hata jina lake liwe tamu namna gani. Mwaka 2024 chuo cha tiba ya wanyama cha London kiliwalinganisha mbwa wa mchanganyiko wa pudeli na koo za wazazi wao katika maradhi 57 ya kawaida. Katika karibu asilimia 87 ya ulinganisho huo hapakuonekana tofauti yoyote, si ya wema wala ya ubaya. Afya, basi, haiji kwa kuchanganya. Huja kwa mtu kumpeleka mnyama apigwe picha ya nyonga, apimwe macho na damu, kisha akubali hasara majibu yakiwa mabaya.

Hapa ndipo mkataba ule uliponishangaza. Nilipoufikia ukurasa wa nasaba, nilikuta mstari mmoja mdogo kuhusu dada wa jike atakayezaa: kwamba picha ilionesha kasoro katika nyonga yake, kwamba amefungwa kizazi, kwamba hauzwi. Kisha maneno matatu ambayo katika Kiswahili yanakuwa mawili: anakaa kwetu. Nililiweka kalamu. Huyo alikuwa ameagizwa kama wenziwe, akashindwa kuwa alichoagiziwa, na bado anakaa kwao. Kama neno mwandani lina pa kutua katika kurasa zile nne, nadhani lilitua hapo, si katika mstari wa kwanza wenye bei.

Nilipomsomea dada yangu tafsiri katika simu, alisikiliza vifungu vyote: nasaba ya mama na baba, uchunguzi wa meno na nyonga, marufuku ya kuzaa, haki ya muuzaji kumchukua tena mbwa wakati wowote wa uhai wake akishindwa kutunzwa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Maneno haya yaliwahi kusemwa Mkunazini, mdogo wangu. Meno, kizazi, bei.”

Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Sikuipenda kauli ile, nami nikamwambia kwamba mbwa si mtu, na kuwafananisha ni kuwakosea wale waliosimamishwa pale. Akanijibu, “Simfananishi mbwa na mtu. Nafananisha karatasi na karatasi.” Nimelibeba jibu hilo miezi mingi. Naweza kusema kuwa kifungu cha kumrudisha ni cha huruma, kwani humzuia mnyama asitupwe barabarani, na kwamba kumfunga kizazi ni kuwakinga wasiozaliwa. Yote hayo ni kweli. Lakini huruma iliyoandikwa kwa lugha ya mali hubakia na ladha ya mali, na mfasiri hana ruhusa ya kuiosha.

(Wapo watakaouliza kwa nini wasimchukue mbwa aliyetupwa, hali makazi ya mbwa wa namna hiyo yamejaa. Ni swali la haki. Mkwe wa dada yangu aliliuliza kabla yao. Akaona mtoto mwenye pumu hawezi kuwa mahali pa kujaribia mnyama ambaye haijulikani atamletea nini.)

Dada yangu aliridhia. Wakaenda Jumamosi moja, yeye naye akiwamo, amekaa garini na buibui lake. Wenye mbwa hawakupokea fedha kwanza. Walisema mtoto akae saa nzima na jike mzazi, sebuleni, dirisha zimefungwa. Dakika ya ishirini mtoto alikuwa akicheka, uso ameuzamisha katika shingo ya mnyama. Dakika ya arubaini macho yalikuwa yamevimba. Hakutaka kutoka. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alimshika mkono akamtoa nje taratibu, akamwambia baba yake kwamba hatawauzia. Si huyu, wala mwingine wa uzao wake. Hakuwa na haja ya kusema hivyo. Wanunuzi wengine walikuwa katika orodha, na baba alikuwa tayari kulipa na kununua dawa.

Njiani kurudi mtoto aliuliza kosa lilikuwa la nani, lake au la mbwa. Mama yake alimwambia hapana kosa. Dada yangu anasema mtoto hakuonekana kuamini.

Tafsiri yangu haikutiwa saini na mtu. Neno mwandani limo, lina mstari wa risasi chini yake, kwani hadi mwisho sikuamua. Na dada yangu, aliyecheka jina la mnyama na kuichukia hati yake, alikuwa juma moja kabla ya safari ile amechimba udongo safi nyuma ya nyumba, akauchunga kwa chekeche la unga na kuutia katika kopo, kwa ajili ya vyombo. Nilipompigia simu mwezi uliopita, kopo lilikuwa bado liko chini ya sinki.