Pampu Inapojila Yenyewe

Kuna pampu ya dizeli inaitwa CP4. Iliundwa na Bosch, kampuni ya Ujerumani, na kuanzia magari ya mwaka wa 2011 ikafungwa kwenye pikapu kubwa za Marekani: Ford zenye injini ya lita 6.7, Chevrolet na GMC zenye injini ya Duramax, halafu baadaye Ram za 2019 na 2020. Kazi yake ni kuvuta dizeli na kuisukuma kuelekea kwa nozeli kwa shinikizo la bar 2,000 hivi. Tairi la gari ndogo lina bar mbili na kidogo. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa, ndani ya hiyo pampu hakuna oili. Kinacholainisha vyuma ni dizeli yenyewe ikipita. Kuna kigurudumu kidogo kinachobingirika juu ya shafti, na kikipinda upande hata kidogo tu, hakibingiriki tena, kinakwaruza. Chuma kinakula chuma. Na kwa sababu dizeli haisimami mahali pamoja, ule unga wa chuma unasafiri nayo hadi kwenye reli ya mafuta, nozeli, mabomba, na mwishowe unarudi kwa tanki. Gari inazima ikiwa barabarani. Ukifika kwa fundi unaambiwa si pampu tu imekufa, ni mfumo mzima wa mafuta. Huko Marekani bili hiyo hupita dola 10,000 kwa urahisi.

Mimi sina gari. Leseni pia sina. Lakini nimesoma habari za hii pampu kuliko vile nilisoma kitabu chochote nikiwa chuo (niliacha mwaka wa pili, sheria, stori ya siku nyingine), kwa sababu swali lililo ndani yake ni lile lile ambalo walimu walikuwa wanazunguka bila kulishika: kitu kikiharibika na hakuna aliyekusudia kiharibike, nani anadaiwa?

Waliouza magari walikuwa na jibu tayari. Walisema ni mafuta. Wenye magari walilalamika, hata mahakamani, kwamba walipoleta gari likiwa bado na waranti waliambiwa mafuta yao yalikuwa machafu au yalikuwa na maji, kwa hivyo waranti haifanyi kazi. Na ukweli ni kwamba hilo jibu si upuzi mtupu. Mwaka wa 2006 Marekani ilianza kupunguza salfa kwenye dizeli ya barabarani hadi sehemu 15 kwa milioni, jambo zuri kwa mapafu ya watu. Tatizo ni kwamba usafishaji unaotoa salfa unaondoa pia ule utelezi wa asili wa dizeli. Kuna kipimo cha huo utelezi: wanasugua kijipira cha chuma ndani ya mafuta, kisha wanapima kovu lililobaki. Ulaya kovu halifai kuzidi mikroni 460. Marekani wanaruhusu mpaka 520. Kovu likiwa kubwa, mafuta hayatelezi vizuri.

Lakini hebu ona hapo. Kiwango cha 520 hakikuwa siri. Kiliandikwa kabla pampu hiyo haijafungwa kwa pikapu hata moja ya huko. Aliyechagua pampu alijua itakunywa nini. Mnunuzi hakujua, na hakuna njia angejua, kwa sababu hakuna mtu husimama kwa kituo cha mafuta akiuliza, "Boss, hii dizeli kovu lake ni mikroni ngapi?" Ukiniuzia mbuzi na unajua kwetu kuna majani ya aina moja tu, na mbuzi wako hawezi hayo majani, usiniambie baadaye nilimlisha vibaya.

Mwisho wa 2021 mtengenezaji wa Ram aliita magari yake yarudi, kama 222,000 ya 2019 na 2020. Dawa ilikuwa kung'oa CP4 na kurudisha pampu ya zamani, CP3. Watu walifurahi, na wengine walikasirika zaidi. Kwa sababu pikapu za Duramax za 2011 hadi 2016 zilikuwa na pampu ya familia hiyo hiyo, na wenyewe walilazimika kwenda kortini. General Motors ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi, bila kukubali kosa, na malipo yenyewe yalihusu majimbo kadhaa tu, si yote 50. Ukiwa upande mbaya wa mpaka wa jimbo, pampu yako ilijiua kivyake.

Mbona tofauti hiyo? Sheria ya Marekani inalazimisha magari kuitwa kwa kasoro ya usalama. Gari likizima kwa kasi na lori liko nyuma yako, hiyo ni usalama. Likikuachia tu deni la gari zima, hiyo ni shida yako na benki. Kwa hivyo hoja yote inageuka kuwa: je, hii pampu inaweza kuua mtu? Uchungu wa mtu aliyelipa dola elfu kumi hauhesabiki kivyake, mpaka uvae nguo za ajali.

Nadhani hapo ndipo sheria na maadili hupeana mgongo. Na Kiswahili, kwa bahati, kinalijua hili jambo. Neno waranti ni la juzi, lakini la zamani ni dhamana. Dhamana ndiyo inamtoa mtu kwa seli. Dhamana ni cheo ulichopewa ukitunze. Dhamana ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu kitafanya kazi. Ni neno moja kwa sababu wazo ni moja: kuna mtu amesimama nyuma ya kitu au mtu, na mambo yakiharibika, huyo ndiye wa kuitwa. Waranti huisha baada ya miaka kadhaa au kilomita kadhaa. Sijui kama dhamana huisha hivyo.

Mjomba wangu hubeba viazi kutoka Kinangop kuleta Nairobi. Pikapu yake ya dizeli ilikuja nchini ikiwa imetumika, karibu na ule mwisho wa miaka minane ambao sheria yetu inaruhusu, na yeye ni mmiliki wake wa tatu humu ndani. Mwaka jana ilizima karibu na Flyover, saa kumi usiku, na mzigo juu. Fundi wa Grogan akafungua pampu, akachovya kidole, akatuonyesha. Kidole kilikuwa kinang'aa kama rangi ya kucha.

"Mzee, hii ni mafuta," akasema. "Uliwekewa dizeli imechanganywa na mafuta taa."

Inawezekana. Mchezo huo tunaujua. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka wa 2018, ikisema ni kuzuia watu kuichanganya na dizeli, na waliopikia mafuta taa wakalipia dhambi ya wachanganyaji. Tukaenda kwa kituo cha mafuta. Tukaulizwa risiti. Mjomba hajawahi kuomba risiti ya mafuta tangu azaliwe. Meneja akatuambia, kwa adabu sana, kwamba hizo pampu huwa zinakufa tu, gari ni mzee.

Kwa hivyo mafuta ilisema ni gari, gari ikasema ni mafuta, na mjomba akalipa laki mbili na elfu themanini. "Kijana wangu," aliniuliza kwa matatu tukirudi, "si wewe ulikuwa unasomea hizi vitu? Mimi nimshtaki nani?"

Nilimwambia juu ya konokono. Mwaka wa 1928, mji wa Paisley, Uskoti, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, huoni ndani. Akasema alikunywa nusu, na rafiki alipomimina iliyobaki, ikatoka maiti ya konokono. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa sababu si yeye aliyelipa. Mwaka wa 1932 kesi ikafika kwa Baraza la Malodi kule London, na wengi wa majaji wakasema mtengenezaji anadaiwa uangalifu na mnywaji wa mwisho, hata kama hawajuani. Hukumu hiyo iko ndani ya mifupa ya sheria yetu pia.

Mjomba alipenda hiyo stori. Alipenda hasa ile chupa nyeusi. Lakini ilibidi nimwambie na nusu ya pili: baadaye mahakama za Uingereza ziliweka wazi kwamba konokono akikuumiza tumbo, unalipwa, kitu kikijiharibu chenyewe tu na kukuletea hasara ya pesa, kwa kawaida njia hiyo imefungwa. Mstari ni ule ule wa Marekani. Katiba yetu, kifungu cha 46, ina ukarimu zaidi: inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa bora, ya taarifa anazohitaji, na ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Maneno mazuri. Sasa yapeleke Grogan.

Kuna rafiki yangu tulibishana naye juu ya hili mpaka chai ikapoa. Hoja yake: mjomba alinunua kwa bei ya chini kwa sababu alibeba hatari. Angetaka uhakika, angenunua mpya. Ukimlazimisha mtengenezaji kusimama nyuma ya kila gari lake hadi mmiliki wa tano, kwa kila aina ya mafuta duniani, bei itapanda na mjomba hatanunua hata hiyo mitumba. Hii hoja ina nguvu, siikatai. Lakini inadhani mjomba alijua hatari aliyobeba. Huwezi kusema mtu amekubali kitu ambacho kimefichwa kwa chupa nyeusi. Mtengenezaji anaona pampu zikirudi kwa maelfu, anaona mchoro wa kuvunjika kwake. Mjomba anaona moja, yake, mara moja, saa kumi usiku. Kati ya hao wawili, mbona mzigo wa kuthibitisha uwe kwa yule asiyeona?

Kwa hivyo simdai mtengenezaji pesa kwanza. Namdai habari. Huko Marekani barua ya kuita gari humfikia mwenye gari kwa posta, na unaweza kuingiza nambari ya gari kwa tovuti ya serikali uone kama lina kasoro iliyotangazwa. Gari likiuzwa ng'ambo, barua inabaki na mwenye kwanza. Nambari ya chesi inasafiri kwa meli hadi Mombasa, inakaguliwa, inalipiwa ushuru, inaandikwa kwa logbook, na hakuna mahali pote hapo mtu anaulizwa: hii gari ilishaitwa? Ilienda?

Lakini hii dawa ina makali pande zote mbili. Mwezi uliopita mjomba aliamua kuuza. Kwa vile mimi naandika, akanipa kazi: niandikie tangazo. Alitaka "injini safi, haijawahi kusumbua". Alitumia pesa nyingi, alisema, kwa hivyo sasa ni safi. Nilimwambia pampu iliyokufa mara moja ndani ya mfumo huo huo, na mafuta ya barabara hiyo hiyo, ni jambo ambalo mnunuzi angependa kujua. Akaniangalia vile ungemwangalia mtoto. "Mimi kuna mtu aliniambia?"

Hilo swali lina uzito kuliko la kwanza. Aliyemuuzia hakumwambia. Aliyemuuzia huyo naye pengine hakuambiwa. Ukimya unapitishwa pamoja na funguo, na kila mmoja ana sababu nzuri, na wa mwisho ndiye hulipa. Mjomba si tapeli. Ana karo ya shule mwezi huu.

Tulielewana hivi: tangazo linasema pampu na nozeli zimebadilishwa, tanki limeoshwa, risiti za fundi zipo. Bei tumeshusha elfu arobaini, na mjomba bado hajaniongelesha vizuri. Watu watatu wamepiga simu. Wawili waliuliza pampu ilikuwa na nini, wakasema watarudi. Wa tatu ameuliza kama anaweza kuja na fundi wake. Anakuja Jumamosi.