RAHISI NA GHALI KATIKA KUMNUNULIA MWANAFUNZI LAPTOPU

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatoka na vijana wakaitwa vyuoni, swali moja huzuka katika nyumba zetu za pwani: kijana anunuliwe laptopu gani? Wengi huliona kuwa ni swali la dukani tu. Sisi twaliona kuwa ni swali la tabia kabla ya kufika dukani, kwani ndani yake mna ubahili, mna israfu, mna kujionyesha, na mna haki za watu ambao hawapo mali inapotolewa.

Tuanze na hao wasiokuwapo. Fedha ya kununulia chombo hiki aghalabu si ya mtu mmoja. Baba ametoa chake, mama ameuza kipande cha dhahabu, mjomba aliyeko Maskati ameleta kidogo, na wadogo zake kijana wameambiwa wangojee viatu. Mali iliyokusanywa namna hii ni amana mikononi mwa yule anayekwenda kununua. Basi kijana hana haki ya kusema, "Nataka ile nzuri kuliko zote." Wala baba hana haki, kwa kutaka jambo limalizike upesi, kununua ya bei ya chini kabisa kisha akajiona ni mtu mwangalifu. Wote wawili wamefuata nafsi zao, hawakuiuliza kazi yenyewe yataka nini.

Wazee wetu walisema rahisi ni ghali, na walisema kweli. Lakini siku hizi methali hii imekuwa ngao ya kila mwenye tamaa. Kijana aliyeitwa kusomea ualimu, ambaye kazi yake ni kusoma, kuandika na kutafuta mambo katika intaneti, hudai laptopu ya kioo cha inchi 15 yenye nguvu za kuchezea michezo ya video, na hoja yake ni hiyo hiyo, kwamba rahisi ni ghali. Hiyo si hoja, ni tamaa iliyovikwa kanzu. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa laptopu iliyoitwa Eee PC, kioo chake inchi 7, uzito wake haukutimia kilo moja, na hifadhi yake gigabaiti 4 tu. Ilinunuliwa kwa wingi, na makampuni mengine yakaiga. Ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya tuliyokuwa tukiyalipia haikuwa haja yetu. (Vitufe vyake vilibanana hata mtu mzima akapata taabu kuandika, na hatumwiti mtu kurudi huko.)

Ama upande wa bahili, kosa lake ni gumu zaidi kuonekana, na kwa hivyo tutalikalia. Ziko laptopu mpya ndogo, aghalabu za inchi 11, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Zang'ara, zi ndani ya kartoni, na bei yake yavutia. Muuzaji atakwambia kwamba Windows 11 yakubali kiwango hicho, naye hasemi uwongo, kwani ndicho kiwango cha chini kilichotajwa na Microsoft. Lakini kiwango cha chini ni cha kuingia mlangoni, si cha kuishi nyumbani. Mwanafunzi akifungua kurasa kadhaa za intaneti, na andiko lake, na somo la video kwa pamoja, chombo huanza kutambaa. Na nyingi katika hizo, kumbukumbu na hifadhi zimeunganishwa na bodi kwa risasi, hazichomoleki wala haziongezeki. Mwaka wa pili kijana hurudi nyumbani na ombi jipya, na ile dhahabu haipo tena.

Baina ya hao wawili iko njia ambayo watu huionea haya, nayo ni laptopu iliyokwisha tumika maofisini. Kwa mfano Dell Latitude 7290 ya mwaka 2018, ya kioo cha inchi 12.5, kumbukumbu yake yachomoleka na kuongezwa, na hifadhi yake ya SSD yabadilishwa. ThinkPad X280 ya mwaka huo huo ni chombo kizuri pia, ila kumbukumbu yake imeunganishwa na bodi, basi anayeinunua na achukue yenye gigabaiti 8 tangu mwanzo. Kwa mwanafunzi wa kuandika na kusoma, hizi zatosha. Mwanafunzi wa uhandisi na aulize kwanza chuoni programu atakazotumia, kwani hukumu yake ni nyingine.

Hapa ndipo panapoingia haki ya mnunuzi juu ya muuzaji. Kompyuta ina aibu isiyoonekana kwa macho. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Chromebook nazo zina tarehe ambayo marekebisho ya usalama hukoma. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10, lakini yahesabiwa tangu aina ile ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe. Basi mwenye duka anayejua kwamba tarehe hiyo i karibu, akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa. Na aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha, kama kila aliyesoma milango ya biashara ajuavyo.

Pengine atatokea mtu aseme, "Mnunuzi ana macho, na aangalie mwenyewe." Jawabu yetu ni kwamba macho huona kioo kilichopasuka, hayaoni tarehe. Mama aliyeuza dhahabu yake ataijuaje prosesa ya kizazi cha 7 na cha 8? Ujuzi wa muuzaji ndio unaomlazimu kusema. Asiyejua, asikae dukani kuuza asichokijua.

Imebaki haya ya kijana mbele ya wenziwe. Wako wanaochukua fedha ya mkopo wa HELB iliyokusudiwa chakula, wakaongezea ili wapate chombo kipya, kisha wakashinda na chai kavu hadi mwisho wa muhula. Mzazi asiidharau haya hiyo, kwani ni ya kweli na yauma. Lakini na amwambie mwanawe hesabu yote waziwazi, nani alitoa nini na kiasi gani, kabla ya kwenda dukani. Kisha wende pamoja, waiwashe laptopu na kuitumia saa nzima bila chaja, wajaribu kila kitufe, na waandikiwe katika risiti muda wa kuirudisha.