Onyo Lisiloeleweka

Je, mtu akionywa kwa lugha asiyoielewa, ameonywa? Swali hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Mwezi wa Februari 2018 kipindupindu kilizuka magharibi mwa Uganda, miongoni mwa wakimbizi waliokuwa wamevuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Kongo, na kupokewa Kyangwali. Makumi ya watu walifariki. Kinga ya maradhi hayo si fumbo: kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono kwa sabuni, na kumwahisha mgonjwa zahanati. Lakini maarifa hayamwokoi mtu yasipomfikia kwa maneno anayoyajua.

Yupo atakayesema: mgeni na ajifunze lugha ya mwenyeji. Ni kweli, na kumfundisha ndiyo kazi yetu. Ila lugha hutaka miezi na miaka, na kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Haki ya uhai haingoji mtihani wa sarufi.

Nasi pia yatupasa kujisahihisha. Wakongo wengi husema "kolera". Tukiwaandikia "kipindupindu" pekee, kwa kuwa ndilo neno sanifu, tutakuwa tumelinda kamusi tukamwacha mtu. Hapana budi tuandike maneno yote mawili, kisha tumwombe msikilizaji atueleze kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia. Akishindwa, tusiseme kuwa yeye ni mzito wa kuelewa; tukiri kwamba sisi bado hatujamwonya.