Mkono Mmoja Haulei Mwana

Mama anapomwogesha mtoto mchanga kwenye beseni, mkono mmoja hushika kichwa na shingo, wa pili ndio unaoosha. Akijaribu kwa mkono mmoja, mtoto atamponyoka. Naamini wahenga walipotuambia kwamba mkono mmoja haulei mwana, hiyo ndiyo picha waliyokuwa nayo.

Methali hii ina jirani yake: mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Watu huzichukulia kama pacha, lakini hazisemi jambo moja. Kuchinja kunataka nguvu, tena ya siku moja. Nyama ikishagawanywa, kila mtu huenda zake. Kulea ni kazi ya miaka, na mikono yake miwili haifanyi kazi moja. Mmoja hushika, mwingine huosha, kwa wakati uleule. Ule unaoshika haupati sifa kwa sababu hauonekani kufanya lolote. Uachie kidogo tu, ndipo utajua ulikuwa unafanya nini.

Katika elimu, mwalimu ndiye anayeosha. Nyumbani ndiko kunakoshika. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Siku 171 zilizobaki mtoto yuko mikononi mwa jamaa zake, na hata zile 194 analala na kuamka kwao. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini atasahihisha madaftari, lakini hatajua kwa nini mmoja wao ameanza kusinzia kipindi cha kwanza. Anayejua ni aliyemwona usiku akiwa na simu, au aliyemtuma kuuza karanga stendi hadi saa nne.

Tangu Januari 2016 serikali inatekeleza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Ni neema kubwa. Lakini wapo waliosikia "bila malipo" wakaelewa "bila mzazi". Na mwenye fedha anayelipia bweni na twisheni, kisha akasubiri ripoti ya mwisho wa muhula, hana tofauti nao. Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuishia kwenye chakula, mavazi na ada; inamdai mzazi pia mwongozo, na muda wa mtoto kucheza na kupumzika.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linauma zaidi kwa kuwa linatokana na mapenzi: mzazi anayemfanyia mtoto kazi ya nyumbani. Huyo ameacha kushika, ameingia kuosha. Sasa mikono yote miwili inaosha, na mtoto anateleza.

"Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Swali hili nimelisikia mara nyingi, na huulizwa kwa uchungu wa kweli. Jibu langu ni kwamba kushika hakuhitaji cheti. Mama muuza mboga asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe asome kwa sauti huku yeye anachambua mchicha. Hatajua kila neno, ila atasikia sauti inapobabaika. Na mtoto anayejua kwamba jioni ataulizwa, asubuhi husikiliza kwa masikio mengine. Shule peke yake haitoshi. Mwaka 2010, tathmini ya elimu iitwayo Uwezo iliwapima watoto wa Tanzania nyumbani kwao. Zaidi ya nusu ya waliokuwa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa wakivaa sare na kwenda shule.

Wala methali haimlaumu anayelea peke yake. Haikutaja baba wala mama, imetaja mkono. Bibi, shangazi, kaka mkubwa, jirani mwenye taa, wote wana mikono.

Usingoje ripoti. Leo jioni mwambie mwanao alete daftari la hisabati, akueleze mwalimu ameandika nini kwa wino mwekundu.