Titi la Mama li Tamu, Lingawa la Mbwa

Wengi huisikia methali hii lugha ya mama inapotetewa, na Shaaban Robert aliitumia hivyo kukisifu Kiswahili. Mimi nairudisha ilikotoka, kwenye kinywa cha mtoto.

Uzito wake umo katika neno "lingawa". Kwa Waislamu wa pwani mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Aliyeitunga methali alimchagua mnyama huyo kwa makusudi. Hajatuambia kama maziwa yenyewe ni mazuri. Anayeyanyonya hana pengine pa kwenda, na uhitaji wake ndio unaoyatia utamu.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchanganuzi wa nafsi, aliliona titi kuwa ndilo pendo la kwanza la binadamu: mtoto hutafuta shibe na raha, na mapenzi huzaliwa humo. W. R. D. Fairbairn, mchanganuzi wa nafsi wa Edinburgh, aliupindua mpangilio huo. Kwake yeye, mtoto humtafuta mama mwenyewe, na raha ni njia tu ya kumfikia. Fairbairn alikuwa amewahudumia watoto walioteswa nyumbani, na katika makala yake ya mwaka 1943 alieleza jambo lililomshangaza: ilikuwa vigumu mno watoto hao kukiri kwamba wazazi wao ni wabaya, lakini walikuwa wepesi kukiri kwamba wabaya ni wao. Sababu yake inauma. Mtoto akikubali kwamba mzazi ni mbaya, dunia nzima imeharibika na kimbilio hana. Akijitwika ubaya huo yeye, tumaini linabaki: nikijirekebisha, nitapendwa.

Hapo ndipo "lingawa la mbwa" hunishtua kila ninapolisikia. Tumezoea kuisoma methali kama sifa ya mama, na akina mama wengi sifa hiyo wanaistahili. Lakini utamu wa titi si ushahidi wa wema wa mwenye titi. Mtu wa miaka 40 anayetetemeka baba yake akipiga simu, na bado akasema, "Alinipiga kwa sababu nilikuwa mtukutu," hajaachishwa ziwa.

Basi mwalimu, shangazi, jirani: mtoto mwenye alama za mkanda mgongoni akikuambia, "Nilikosea mimi," usiyamalize mazungumzo hapo. Keti naye, umwulize tena, polepole.