Ukishakula na Kushiba



Vijana wenzangu, Myahudi mshika dini hali mkate kabla ya kumhimidi Mungu anayeutoa mkate katika ardhi. Angalieni vizuri: anayehimidiwa ni Mungu, si mkate. Yesu alilelewa hivyo na Bikira Maria na Yosefu, ndiyo maana mara nyingi Injili inasema alibariki au alishukuru, kisha akaumega. Hata padre anapoinua mkate na divai wakati wa matoleo, sala yake inafuata mtindo huo huo. Na si mambo ya Yerusalemu tu. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu.

Ila kinachonigusa zaidi ni kwamba sala yao ndefu iko mwisho wa mlo. Sisi tumezoea kinyume. Hapa Geita, kwa mama lishe wa machimboni, kijana anapiga ishara ya msalaba chapchap (wengine ni kama wanafukuza nzi), ugali na dagaa vinashuka, anajipangusa mdomo, anaulizia bei ya dhahabu, huyooo, kaondoka.

Wayahudi wameitoa desturi hiyo Kumbukumbu la Torati 8:10. Lakini anza aya ya 9: Musa anasimulia nchi yenye chuma ndani ya mawe, na vilima vya kuchimbwa shaba. Utadhani anaongea na watu wa Nyarugusu au Mwakitolyo! Hapo hapo anawaagiza wakila na kushiba wamshukuru Bwana. Kwa nini baada ya kushiba? Soma mpaka aya ya 17. Mtu amejenga nyumba nzuri, dhahabu imeongezeka, sasa anajiambia moyoni kwamba ni nguvu zake. Mwenye njaa humkumbuka Mungu bila kufundishwa. Aliyepata gramu zake jana ndiye humwoni Jumapili.

Kwenye maongezi ni vivyo hivyo. Ukimjulia hali Myahudi huyo atamhimidi Mungu, lakini Jina lenyewe halitaji ovyo. Husema "HaShem", yaani "Lile Jina". Sisi je, Mungu tunamtaja wapi? Kwenye kuuza mali: "Haki ya Mungu, hii safi!" Na mzani umechezewa. Hiyo ni Amri ya Pili, jamani.

Najua mtaniuliza: na ambaye hajashiba? Ana miezi mitatu kwenye duara, hajapata kitu, anakula kwa mkopo. Walimu wa Kiyahudi wa kale walilijadili hilo, wakafikia kwamba hata aliyekula mkate wa ukubwa wa zeituni moja ashukuru. Simlazimishi mtu huyo achekecheke. Akitaka kumlalamikia Mungu, Zaburi zimejaa malalamiko. Ila leo usiku, kabla vyombo havijaondolewa, nitasali sala ya baada ya chakula, na yeye nitamtaja humo.