Je, Yafaa Mtu Kuiacha Kazi Iliyompa Jina?

Mwezi uliopita wazee wa kanisa waliketi pamoja nasi hapa Mkongo kulifikiri jambo moja, nalo lilituchukua tangu mwisho wa ibada hata jua lilipoelekea kuchwa. Tumeona vema kuwaletea ninyi pia mlifikiri, maana si letu peke yetu. Wainjilisti wengi wamekwisha kukutana na jambo la namna hii, na wengine watakutana nalo.

Yuko ndugu mmoja, mtu mzima, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa mwenye muziki. Kila kijiji kilicho katika njia itokayo Kibiti kupita Mkongo hata Mloka chamjua. Penye arusi, au siku ya kumtoa mwali, yeye huja na maspika yake na jenereta yake. Huuchagua wimbo, humtaja mwimbaji, huwatania wazee, huwatuliza vijana watakao ugomvi. Majirani zetu Waislamu humpenda kama tumpendavyo sisi. Sasa amesema ataviuza vyombo vyake vyote, naye ataka kufundishwa awe mwinjilisti.

Wazee wakagawanyika. Mmoja akasema, “Mchungaji, wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu huyu amepewa kazi yake, na aidumu.” Mwingine akajibu, “La, na tumpokee upesi! Sauti yake itatuletea watu wengi kuliko kengele.” Hapo tulitambua ya kuwa maswali ni mawili, wala si moja. La kwanza: je, ni halali mtu kuiacha kazi aliyoizoea? La pili: akiiacha, je, lile pendo la watu alilolipata katika kazi ya kwanza ni mali yake, aende nalo atakako?

Ili tusiamue kwa kumtazama mtu tumjuaye tu, na tumtazame mwingine aliyejulikana na taifa zima. Marehemu Charles Hilary alizaliwa Zanzibar mwaka 1959. Wengi wetu tulio na umri wa miaka arobaini na zaidi tulikua tukiisikia sauti yake, kwanza katika Redio Tanzania Dar es Salaam, baadaye katika Radio One, redio iliyoanza mwaka 1994. Alipotangaza mpira, mtu aliyekuwa shambani aliuona mchezo kana kwamba uko mbele ya macho yake. Na alipopiga santuri za charanga, muziki ule wa Kuba wenye fidla na filimbi, alizipiga kwa mapenzi na maarifa hata watu wakampa jina la Mzee wa Macharanga. Akaenda Ujerumani kutumika katika Deutsche Welle, akatumika London katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akarudi nyumbani akatumika Azam. Hata mwaka 2021 akaiacha kazi ya utangazaji, akawekwa kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano wa Ikulu ya Zanzibar, akawa na Msemaji Mkuu wa Serikali. Katika utumishi huo alifariki, tarehe 11 Mei 2025.

Tazameni basi jinsi kazi hizi mbili zinavyofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani. Katika zote mbili mtu hukaa mbele ya kipaza sauti akanena na watu asiowaona. Lakini mpiga santuri hutumwa na wasikilizaji: wao humletea kadi za salamu, naye huwapa wakitakacho. Msemaji hutumwa na aliyemwajiri, naye huwapa watu neno alilopewa awape. Hatusemi kwamba kazi ya pili ni mbaya. Serikali isiyo na msemaji huwaacha watu wake gizani, wakala uvumi. Wala hatusemi kwamba marehemu alikosa, maana hakujificha: watu wote walijua ni nani aliyemwajiri na ni kwa ajili ya nani anenavyo. Twasema hivi tu: masikio yale yale yaliyozoea kumwamini katika habari ya bao na ya wimbo ndiyo yaliyomsikiliza sasa katika habari ya mambo ya nchi. Na imani hiyo haikutolewa kwa ajili ya jambo hili.

Mtu akihama kazi, huchukua vitu vitatu. Cha kwanza ni ujuzi wake: kujua kupumua, kujua kunyamaza mahali pake, kujua kulitamka neno likasikika. Huo ni wake, hakuna awezaye kumdai. Cha pili ni jina lake, nalo ni lake nusu, maana watu ndio waliolikuza. Cha tatu ni imani ya watu, na hiyo si yake kamwe. Ni amana. Mtu akiweka kwako debe la mpunga ulitunze hata msimu wa kupanda, huwezi kuupika kwa sababu tu umelala nyumbani mwako siku nyingi.

Na kwamba amana hii yaweza hata kuibwa, jirani zetu Wakenya wanajua. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa mwana wa James Mbotela, yule aliyekiandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Ukoo wao ulitoka kwa watumwa waliowekwa huru, waliokaa Frere Town karibu na Mombasa. Leonard aliingia redio mwaka 1964, na tangu mwaka 1966 aliwauliza wasikilizaji wake katika kipindi chake kama tendo fulani ni la ungwana au sivyo. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waliomwasi Rais Moi walimchukua kwa nguvu za silaha, wakamlazimisha kutangaza redioni ya kuwa serikali imepinduliwa. Maasi yakazimwa. Lakini tuulize: wale askari walikuwa na redio mikononi mwao, na midomo yao wenyewe walikuwa nayo. Kwa nini basi walimtafuta yeye? Kwa sababu walijua ya kuwa watu hawatayaamini maneno ya mgeni, bali wataiamini sauti waliyoizoea. Hawakutaka maarifa yake. Walitaka kuitumia imani ya watu, nayo haikuwa yao, wala haikuwa ya Mbotela hata awape.

Mbotela alilazimishwa kwa bunduki, kwa hiyo hana lawama. Lakini sisi wengine huitoa amana hiyo bila bunduki, tena kwa furaha. Mwalimu apendwaye na wanafunzi huwauzia wazazi wao dawa asizozijua. Mchezaji mashuhuri huomba kura. Na sisi wachungaji, tukisadikiwa katika neno la madhabahuni, mara tunataka tusadikiwe katika bei ya mashamba na katika magomvi ya ndoa ambayo hatukusikia ila upande mmoja. Tukinena hivi twajihukumu wenyewe kwanza.

Basi twarudi kwa wale wazee wawili. Yule wa kwanza aliyesema mtu na adumu katika kazi yake, twamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Martin Luther mwenyewe mwaka 1505 aliyaacha masomo ya sheria akaingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Na huko nako akatoka, hata mwaka 1525 akaoa. Naye alifundisha ya kuwa wito wa mtu haumo katika jina la kazi, bali katika kumtumikia jirani kwa kazi hiyo. Mshona viatu ana wito, na mama anyonyeshaye ana wito. Ikiwa ni hivyo, mtu aweza kuhama kazi wala asiuache wito wake, na aweza kukaa katika kazi moja miaka arobaini hali wito amekwisha kuuacha zamani. Sisi wa Rufiji tumeuona mto ukiuacha mkondo wake wa kale, nao haukosi kuwa mto. Lakini walio kando ya mkondo wa kale wana haki ya kuuliza watapanda wapi mlau. Ahamaye ana deni kwao awaachao: awaage, awaambie waziwazi aendako na kwa nini.

Na yule mzee wa pili, aliyetaka tumpokee upesi kwa ajili ya sauti, maneno yake ndiyo yaliyotutia hofu zaidi, kwa kuwa yalitupendeza. Sisi ni wachache hapa. Nani asiyetaka kanisa lijae? Lakini kama watu watakuja kwa sababu ya mwenye muziki, watakuwa wamekuja arusini, na siku watakapojua ya kuwa si arusi wataona tumewadanganya. Tungekuwa tumefanya kwa upole yale waliyoyafanya wale askari kwa bunduki.

Wasikilizaji nao wana wajibu wao. Sauti nzuri haiongezi ukweli wa neno wala haiupunguzi. Uisikiapo sauti uipendayo ikinena habari mpya, mshukuru mwenye sauti kwa furaha aliyokupa zamani, kisha ulipime neno kana kwamba limesemwa na mgeni. Huko si kumkosea heshima. Ni kumsaidia asiharibikiwe.

Shauri letu lilikuwa hili. Ndugu yule amepokewa kufundishwa kama wengine wote. Mwaka wa kwanza hatashika kipaza sauti. Atakwenda kuwatazama wagonjwa, na kuwafundisha watoto chini ya mwembe, mahali ambapo jina halisaidii neno. Tulipomwambia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mchungaji, tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba sijapata kunena na watu bila kipaza sauti. Sijui kama watanisikia.”

Tukamjibu, “Ndugu, hata sisi hatujui. Ndiyo maana twataka uanze hapo.”

Akakubali. Jumamosi iliyopita tulipita penye mwembe ule tukamkuta ameketi na watoto saba, akiwauliza majina yao, mmoja mmoja.